Riwaya yangu imekwama sura ya tisa na kila usiku naishia kwenye gemu: naomba ushauri

MwanaMuheza

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa wote shikamooni. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo haya, kwa sababu nikieleza nusunusu nitapata majibu ya nusunusu.

Mimi ni kijana wa miaka 29, ninauza katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Muheza, na tangu Januari mwaka jana ninaandika riwaya yangu ya kwanza. Ni kisa cha kijana wa Kiha anayeondoka Kigoma mwaka 1950 kuja Tanga kukata mkonge akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, kama alivyokuja babu yangu mzaa mama, ambaye alifariki kabla sijapata akili ya kumuuliza mambo. Nimekusudia ifikie maneno 70,000 hivi, kisha niupeleke mswada mashindanoni, ama kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ama kwenye ile ya Safal-Cornell inayopokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Sura nane za kwanza ziliniendea vizuri. Nilikuwa naandika kila usiku baada ya kula, na mwisho wa Julai nilikuwa na maneno 31,200. Sura ya nane inaishia kijana akiwa amelala sakafuni mwa behewa, na ya tisa inaanza treni ikiingia Korogwe. Tangu hapo hadi leo, miezi saba kamili, nimeongeza maneno 2,400 tu.

Mwezi Agosti mdogo wangu, ambaye yuko chuoni Dodoma, alinionyesha ule mchezo wa simu ambao watu 100 hushuka kwa parachuti kisiwani, uwanja ukawa unabanwa kidogo kidogo, na wa mwisho kubaki hai ndiye mshindi. Mechi moja ukiifikisha mwisho huchukua kama nusu saa. Tunacheza skwadi ya watu wanne: mimi, mdogo wangu, na vijana wawili ambao sijawahi kuonana nao, mmoja yuko Unguja na mwingine Mombasa. Tunaanza saa tatu usiku, na hiyo ndiyo saa niliyokuwa nikiandika.

Tatizo limekuwa kubwa zaidi kwa kuwa simu ninayochezea ndiyo hiyo hiyo ninayoandikia; sina kompyuta. Juzi Jumanne nilikuwa nimeandika hivi: «Kijana akainua panga, akalitazama jani la kwanza, na». Hapo hapo ujumbe ukashuka juu ya skrini ukaifunika sentensi: «Tupo watatu, tunakusubiri.» Nikaufungua. Niliporudi kwenye mswada ilikuwa saa saba na nusu usiku, kishale kikiwa bado kinapepesa mbele ya lile «na», na sikuweza kukumbuka nilichotaka kuandika.

Nimeifuta gemu hiyo mara tatu, na mara zote tatu nimeipakua upya, kila mara ikila sehemu kubwa ya bando la wiki. Novemba nilijaribu lile zoezi lililoanzia Marekani mwaka 1999, la kuandika maneno 50,000 kwa mwezi mmoja, yaani maneno 1,667 kila siku, nikaacha siku ya nne. Jambo linaloniumiza ni hili: nikishinda mechi najihisi nimefanya kitu, lakini nikiandika aya tatu sihisi chochote, na asubuhi nikizisoma nazifuta.

Je, niache gemu kabisa, au ipo namna ya kuviweka vyote viwili? Na wale ambao mswada uliwahi kuwakwamia, mlianzaje upya?

KiongoziMstaafu_Kisauni

Kaka, pokea salamu kutoka Mombasa. Kwa miaka mitatu nilikuwa kiongozi wa kundi la watu 30 katika gemu ya kujenga vijiji na kuvamia vya wengine, na muda wote huo nilikuwa nikijaribu kuandika hadithi fupi, kwa hiyo ninayokuambia nimeyapitia.

Usijiite mvivu. Mtu mvivu hakeshi hadi saa saba na nusu akifanya jambo linalohitaji macho, masikio na mipango. Gemu hizi zimetengenezwa na watu wanaojua hasa nini humfanya binadamu arudi. Katika ile yangu vita vilichukua siku mbili, moja ya maandalizi na moja ya mapigano, na kila mwanakikundi alikuwa na mashambulizi mawili tu. Usipoyatumia, jina lako linaonekana na wote 29. Wajenzi wa kijiji nao walimaliza kazi kwa saa zao, wengine saa tisa usiku, na simu ikaniita. Siku ya harusi ya binamu yangu niliinuka kwenye sinia la pilau nikaenda kujificha nyuma ya nyumba ili nimalize shambulizi la pili, na hadi leo nikikutana na binamu huyo naikumbuka siku ile kwa uchungu.

Umetaja mwenyewe sababu bila kuipa jina. Gemu hukupa hesabu yako kila baada ya nusu saa: umeua wangapi, umeshika nafasi ya ngapi, cheo kimepanda kiasi gani. Riwaya hukaa kimya mwaka mzima. Ukiweka vitu hivyo viwili ndani ya simu moja, saa moja, kwa mtu aliyechoka na kazi ya dukani, hakuna atakayeshangaa ni kipi kitashinda.

Mimi nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilibandika karatasi ukutani juu ya kitanda, na kila nilipokaa dakika 25 nikiandika nilichora mstari mmoja, hata kama nilichoandika hakikunipendeza. Sikuhesabu maneno, nilihesabu vikao. Baada ya wiki tatu mistari ile ilikuwa imejaa upande mmoja wa karatasi, na nikaanza kuona vibaya kuiacha siku ipite bila mstari. La pili, niliwaambia wenzangu ukweli na nikamwachia mwingine uongozi. Hilo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza, maana wale ni watu, si mashine, na walikuwa wamenitegemea.

Kwa hiyo mpigie mdogo wako, usimwandikie ujumbe. Mwambie Jumatatu hadi Alhamisi hupo, na Ijumaa na Jumamosi uko naye. Nahisi ile gemu kwako pia ni namna ya kukaa na ndugu yako aliye mbali, na hilo si la kulifuta pamoja na programu. Pengine ndiyo sababu umeirudisha mara tatu.

Mkata_Kiu_Kilosa

Kwangu mimi kugawa siku hakukusaidia, kwa kuwa Ijumaa ilianza kuhamia Alhamisi, na Alhamisi ikahamia Jumatano. Nilinunua kitochi cha kupigia simu na daftari kubwa la kaunta la kwaya tatu. Simu kubwa nikampa mke wangu aitunze hadi saa nne usiku. Tamthilia niliyoiandika katika daftari hilo ina kurasa 140 za mkono, na kuichapa baadaye kulinisaidia kuirekebisha, kwa sababu sentensi mbovu huwezi kuichapa mara ya pili bila kuiona. Jaribu daftari hata kama hutaki kuiacha gemu. Karatasi haishushi ujumbe juu ya sentensi yako.

DadaNesi_Moro

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi, na nataka kuongeza jambo dogo ambalo wenzangu hawajaligusa, kwa sababu najua watu wengi humwambia kijana kwamba «ameathirika» bila kujua maana yake.

Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa uraibu wa michezo ya kompyuta na simu katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kudhibiti anacheza lini na kwa muda gani, mchezo umetangulizwa mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea au anazidisha ijapokuwa madhara anayaona. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12, na iwe imeharibu kwa kiasi kikubwa familia, masomo au kazi. Wewe bado unafungua duka asubuhi, unajua hesabu ya maneno yako na unaomba ushauri mapema. Mimi siwezi kukupima kupitia maandishi, lakini uliyoeleza ni tabia iliyokuzidi kidogo, na tabia hurekebishwa. Ukiona umeanza kukosa kazi, au unamficha mama yako fedha unazotumia humo, basi nenda ukaonane na mtu wa afya ya akili bila kuona aibu.

Ninachokihofia zaidi ni usingizi. Mtu anayelala saa nane na kuamka saa kumi na mbili kwa wiki kadhaa hawezi kuandika sura ya tisa hata gemu ikifungwa nchi nzima. Anza na kulala vizuri wiki moja tu, kwa muda wa saa saba kila usiku, kabla hujajihukumu kwamba kipaji kimeisha.

Mhariri_wa_Zamani

Kijana wangu, marahaba. Nilihariri vitabu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kabla ya hapo nililelewa kwenye kambi ya mkonge upande wa Korogwe, ambako marehemu baba alikuwa karani. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Wenzangu wamekujibu kuhusu gemu, na wamekujibu vizuri. Mimi nitazungumzia sura ya tisa, kwa sababu naamini mkwamo ulianzia humo na gemu ikakuta mlango uko wazi. Tazama tarehe zako. Uliimaliza sura ya nane mwisho wa Julai, na gemu iliingia Agosti. Katika miswada mingi niliyoipokea, mwandishi hukimbilia jambo jingine pale pale anapofika mahali asipopajua, na mara nyingi yeye mwenyewe hana habari kwamba amekimbia.

Unasema sura ya tisa inaanza treni ikiingia Korogwe. Mwaka 1950 treni iliyotoka Kigoma haikuweza kuingia Korogwe. Reli ya Kati ilitoka Kigoma ikapita Tabora, Dodoma na Morogoro hadi Dar es Salaam, na reli ya Tanga, inayopita Korogwe kwenda Moshi, haikuungana nayo. Kipande cha kuziunganisha, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, kilifunguliwa mwaka 1963. Kijana wako alilazimika kushuka kwenye treni na kumalizia safari kwa barabara, na huko njiani, katikati ya watu asiowajua, ndiko ilikokuwa sura yako ya tisa. Umeiruka. Umemtoa usingizini behewani ukampa panga, na wewe mwenyewe ukashtuka kwamba amefika bila kusafiri.

Wala usimwache aje kama mtu aliyejiamulia tu kusafiri. Waajiri wa mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944, na manamba waliletwa kwa makundi chini ya mkataba. Alipofika alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopangiwa haikuhesabiwa. Fikiria kijana anayelala akiitazama kadi hiyo! Nakumbuka watu wazima waliokuwa wakivifunga vipande vyao katika kitambaa na kuvilalia kichwani.

Tuje kwenye ile sentensi: «Kijana akainua panga, akalitazama jani la kwanza, na». Si ujumbe wa wenzako peke yake ulioikata. Umemwinulia kijana panga, lakini mwandishi wake hajui jani la mkonge linakatwaje, ndiyo maana uliporudi saa saba na nusu hukuwa na cha kukumbuka. Jani lina mwiba mweusi nchani, mgumu kama msumari. Hukatwa majani ya chini, yale yaliyokomaa, na ya juu huachwa ili mmea uendelee kuishi. Majani 30 hufungwa fungu moja, na kazi ya siku huhesabiwa kwa mafungu, ambayo mkataji huyabeba mwenyewe hadi kwenye reli ndogo ya troli yaende kusagwa kwenye korona, yaani mashine ya kusaga mkonge. Utomvu wake huwasha ngozi. Hapo Muheza unapoishi wako wazee waliolifanya hilo kwa mikono yao, na huhitaji bando kuwafikia.

Kuhusu hesabu ya maneno, ningekushauri usijipime tena na lile zoezi la Novemba. Lilipangwa na watu wanaoandika Kiingereza, na neno letu moja hubeba mzigo mkubwa zaidi. «Hawakunisubiri» ni neno moja kwako, kwa Kiingereza ni maneno sita. Maneno 33,600 uliyonayo, ukiweka 300 kwa ukurasa, ni kurasa 112, na riwaya nyingi nzuri za Kiswahili si nene kuliko mara mbili ya hapo. Hujachelewa kama unavyodhani.

Naunga mkono ile karatasi ya ukutani ya ndugu wa Kisauni. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyeajiriwa Posta kwa miaka mingi, alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaweka saa yake mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa, na alikuwa na daftari alimoandika idadi ya kurasa za kila siku ili siku ya uvivu imtazame usoni. Kwetu hapa Shaaban Robert alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926 na akaendelea kuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi huku akiandika. Wote wawili walikuwa na ajira kama wewe. Kwa hiyo ningependa usiandike saa tatu usiku hata kidogo. Hiyo saa umeshaipoteza kwa skwadi na kwa uchovu wa dukani. Andika alfajiri, robo saa mbili tu, kwenye lile daftari la kaunta, kabla hujaigusa simu. Na kila siku usimame ukiwa bado unajua sentensi inayofuata. Iandike nusu, ulale nayo.

Ukipata kurasa mbili za safari ile ya barabara, zilete hapa nizisome.

MwanaMuheza

Mzee wangu, dada na ndugu zangu, nashukuru sana. Zimepita siku 16 na nimeona ni adabu kurudi na taarifa.

Nilimpigia mdogo wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza riwaya inahusu nini, na nikagundua kwamba kwa mwaka mzima sikuwahi kumwambia kwamba inamhusu babu. Sasa tunacheza Ijumaa na Jumamosi, na yule wa Unguja amepata mtu wa kujaza nafasi yangu siku nyingine. Jumatano ya wiki iliyopita nilivunja ahadi nikacheza hadi saa sita. Nimeliandika hilo kwenye karatasi ya ukutani kama lilivyo, pembeni ya mistari.

Jumapili iliyofuata majibu yenu nilikwenda kwa mzee jirani yetu aliyekata mkonge miaka ya 1960. Alinikalisha kibarazani mchana mzima. Alikunja shati akanionyesha kovu refu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, ambako mwiba uliingia wiki yake ya kwanza kazini, akaniambia kwamba mgeni alijulikana kwa mambo mawili: alivyolishika panga, na alivyosahau kuuondoa mwiba kabla ya kulibeba fungu begani. Nilimuuliza kuhusu wale walioletwa kwa malori, akasema yeye alikuja kwa miguu kutoka Handeni, ila waliotoka mbali waliwahi kumsimulia vumbi, na kwamba waliposhushwa hawakutambuana.

Sura ya tisa nimeianza upya, kwa mkono, alfajiri, na ile iliyokuwa ya tisa imekuwa ya kumi. Hadi leo asubuhi nimeandika kurasa 19 za daftari, ambazo nakadiria ni maneno 3,300. Ile sentensi nimeimaliza hivi: «Kijana akainua panga, akalitazama jani la kwanza, na kabla hajalishusha mtu aliyekuwa nyuma yake akamshika kifundo cha mkono. ‘Mwiba kwanza,’ akamwambia kwa Kiha.»

Mhariri, kurasa mbili za lori nitazichapa kesho nizilete. Nina swali moja tu kabla ya hapo: wale waliotoka Kigoma walipokuwa wakisubiri kuandikishwa, walilala wapi, na ni nani aliyewapikia?

Mhariri_wa_Zamani

Zilete kama zilivyo, usizisafishe. Kuhusu kulala na kupikiwa, nenda tena kwa mzee wako umuulize aliyasikia nini kwa wale wa malori, nami nitamuuliza dada yangu mkubwa, ambaye ana kumbukumbu nzuri kuliko yangu na bado anaishi Korogwe. Na huyo aliyemshika kijana kifundo cha mkono, usimwachie aondoke mapema.